Kila Mtazamaji na Gari Lake: Namna ya Kuonyesha Mbio za Kale Pale Gereji

Ukiwaita watu waje kutazama mbio za magari za miaka ya 1950, ukawasha projekta na kukaa kimya, baada ya dakika kumi utabaki na yule kijana aliyekosa nauli. Siwalaumu. Picha ni nyeusi na nyeupe, vumbi limetanda, magari yote yanafanana na kazi yake ni kuzunguka tu. Mtu aliyelelewa na Simba na Yanga anataka kujua nani anamfunga nani.

Mimi ni fundi magari, gereji yetu iko Gerezani, Dar es Salaam. Jumapili jioni tukishafunga kazi tunatundika shuka jeupe ukutani na kutazama mbio za kale za Marekani, zile wanazoziita stock car, yaani za magari ya kawaida ya dukani, hasa za viwanja vifupi. Wanakuja vijana wa gereji, majirani wauza spea, mama ntilie akishamaliza kuosha sufuria, na mzee mmoja aliyestaafu kuendesha malori. Dawa ya usingizi niliyoiona inafanya kazi ni moja: kila mtazamaji apewe gari moja, karatasi na kalamu, na macho yake yasibanduke kwenye gari hilo. Anayeongoza asimhusu. Ajali za wengine zisimhusu.

Filamu ya kuchagua

Kuna filamu za habari zilizokuwa zikionyeshwa kwenye majumba ya sinema. Zina mtangazaji anayepiga kelele, na walichobakiza humo ni ajali tupu. Onyesha moja mwanzoni watu wachangamke, kisha iache. Kazi yetu inahitaji zile zilizopigwa na watazamaji wenyewe kwa kamera ndogo za milimita 8, kutoka jukwaani. Kamera hizo zilikuwa za kujaza ufunguo kama saa ya mezani, ufunguo ukiisha picha inakatika, kwa hiyo usitegemee kuona mbio nzima bila mkato. Haidhuru, tutautumia mkato huohuo.

Kabla watu hawajafika, rekebisha mwendo. Filamu nyingi za nyumbani za wakati ule zilipigwa kwa picha 16 kwa sekunde, na aliyeziweka kwenye kompyuta mara nyingi amezikimbiza kwa 24. Magari yanaonekana yana kasi ya ajabu, na wewe unadanganya watu bila kujua. Usiyatazame magari, watazame binadamu. Kama mtu anayevuka uwanja na ndoo anarukaruka kama kuku, punguza mwendo mpaka atembee kama mtu. Tena hakikisha magari yanakata kona kushoto. Yakikata kulia, soma namba za milangoni: zikiwa kinyumenyume, filamu imegeuzwa.

Pakua mapema, weka kwenye flashi, usitegemee bando. Umeme ukikatika, betri ya lori na inveta vinatosha kwa projekta ndogo. Zima sauti. Filamu hizi hazikuwa na sauti; ngurumo unazozisikia zimebandikwa baadaye, na nimewahi kusikia injini ya silinda nane ikilia kama pikipiki.

Chora uwanja sakafuni

Usiruke hatua hii hata kama watu wana haraka. Chukua chaki, chora duara refu, kisha waambie wafikirie Uwanja wa Mkapa. Si nyasi, bali ile njia ya wakimbiaji inayozunguka nyasi, mita 400. Sasa kuna uwanja unaitwa Bowman Gray, uko Winston-Salem, North Carolina. Ulifunguliwa mwaka 1937, katikati una mpira wa Kimarekani, na kandokando una njia ya lami tambarare ya robo maili, yaani mita 402. Ni ileile njia ya wakimbiaji! Tangu mwaka 1949 wanashindana hapo chini ya NASCAR, chama kinachosimamia mbio za stock car Marekani, na hadi leo bado wanashindana. Waambie watu wako waweke magari ishirini kwenye njia ile, yote kwa pamoja, kila moja na dereva aliyenuna. Hapo ndipo simu zinarudi mifukoni.

Mzunguko mmoja wa robo maili ukichukua sekunde ishirini na kidogo, hiyo ni kama kilomita 70 kwa saa. Lazima kijana mmoja acheke kwamba hata daladala ya Mbagala inafika. Mwache acheke, kisha muulize ni daladala gani inayokata kona kila baada ya sekunde tano, nyingine imeigusa bampa ya nyuma, nyingine inaisugua mlangoni, kwa mizunguko 150. Wa kwetu alinyamaza. Mzee wa malori ndiye aliyetikisa kichwa, maana anaijua kona.

Viwanja vingine viko hivi. Martinsville, Virginia, una urefu wa maili 0.526, kama mita 850. Ulifunguliwa tarehe 7 Septemba 1947 ukiwa wa udongo, na watu zaidi ya 6,000 walifika siku ile wakarudi nyumbani wamepakwa vumbi jekundu. Lami ilikuja mwaka 1955. North Wilkesboro, nao wa mwaka 1947, unakaribia kilomita moja na una kituko chake: upande mmoja unashuka na upande wa pili unapanda. Uwanja wowote usiofika maili moja wanauhesabu mfupi.

Jambo la mwisho kwenye chaki: wanazunguka kinyume cha saa, na usukani wao uko kushoto. Kwa hiyo dereva amekaa upande wa ndani wa kona, mbali na ukuta. Sisi tuliozoea usukani wa kulia tunamtafuta dereva dirisha lisilo lake, na watu wanapoteza nusu ya filamu wakiuliza gari linaendeshwa na nani.

Magari yenyewe

Msingi wa mchezo ulikuwa gari la kawaida. Mwaka 1949 NASCAR ilipoanzisha daraja lililoitwa Strictly Stock, gari lilitakiwa liwe kama lilivyotoka dukani. Wengine walikuja nalo uwanjani likiendeshwa barabarani, wakabandika utepe kwenye taa zisimwage vioo, wakafunga milango kwa mkanda au kamba isifunguke kwenye kona, wakaingia mbioni. Jioni walirudi nalo nyumbani, kama bado lilikuwa gari. Lee Petty, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa mara tatu, aliingia kwenye mbio ya kwanza kabisa ya daraja hilo na Buick ya kuazima kwa rafiki, akaibiringisha. Kisa hiki kisimulie polepole. Dar es Salaam nzima kila mtu ana ndugu aliyeazimwa gari.

Wafundishe watazamaji kutofautisha maumbo mawili tu, mengine watajifunza njiani. La kwanza ni Ford za kuanzia miaka ya 1930, zenye mgongo wa mviringo. Injini yake ya silinda nane ilikuwa na vavu ndani ya bloku, na moshi wa moto ulipitia humohumo ndani ya bloku kabla ya kutoka, kwa hiyo rejeta ilikuwa na kazi ya kupoza injini na ekzosi kwa wakati mmoja. Likikaa nyuma ya mwenzake muda mrefu bila hewa, linachemsha. Ukiuona mvuke mweupe kwenye boneti, sasa unajua.

La pili ni Hudson Hornet. Hapa vijana wangu waligoma kuniamini. Hornet ilikuwa na silinda sita tu, zimepangwa mstari mmoja, injini ya lita tano hivi, na mwaka 1952 Hudson zilishinda mbio 27 kati ya 34. Siri kubwa haikuwa injini. Sakafu ya gari ilishushwa chini, ndani ya fremu, abiria wakawa wanaingia kwa kushuka, na uzito wote ukalala karibu na ardhi. Kwenye kona wenzake wanalala ubavu, lenyewe limetulia. Simamisha picha kwenye kona na uwapimie watu kwa rula ukutani: pembe ya paa la Hornet na pembe ya paa la jirani yake.

Kugawa magari

Andika kwenye vikaratasi namba za magari zinazosomeka vizuri kwenye filamu, vitie ndani ya kifuniko cha rimu, kila mtu achomoe. Namba zikiwa nane na watu kumi na sita, gawa wawiliwawili kwa gari moja, lakini wakae mbalimbali wasichunguliane. Asiyeona vizuri mpe gari jeupe. Na usikubali mtu abadilishe gari lake kwa sababu liko nyuma. Gari la nyuma ndilo linalofundisha.

Kazi ya mwenye karatasi ni hii: kila gari lake linapopita mbele ya kamera anapiga kijistari kimoja. Picha ikikatika anachora mstari mrefu kukata karatasi, kisha anaanza upya. Hatuhesabu mbio nzima, tunahesabu mapito. Baada ya kila kipande simamisha filamu, wenye gari moja walinganishe. Hesabu zikitofautiana, rudisha picha. Utashangaa watu wazima wenye akili zao wanavyoapa kwamba gari limepita mara tano wakati limepita mara nne.

Hapo sasa, wakati wamekasirika kidogo, wasimulie kisa cha Wendell Scott. Usikisimulie mapema.

Scott alikuwa mtu mweusi wa Danville, Virginia. Aliendesha teksi, akawa fundi wa magari jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi akasafirisha gongo ya huko kwao usiku, kama walivyofanya madereva wengi wa mchezo huu. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva mweusi avute watu, wakaenda kuwauliza polisi ni nani anayekimbiza gari sana. Polisi wakamtaja yeye. Kwa miaka mingi alijitengenezea gari mwenyewe, na wanawe ndio waliokuwa mafundi wake.

Tarehe 1 Desemba 1963 alikuwa Jacksonville, Florida, kwenye uwanja wa udongo wa nusu maili, mizunguko 200, na Chevrolet namba 34. Gari la Richard Petty, mtoto wa yule Lee, lilipopata hitilafu, Scott akampita na kuchukua uongozi. Akamaliza mizunguko yake, bendera ya mirabaraba, ile ya kumaliza mbio, haikushushwa. Akaendelea. Aliyepewa ushindi, kombe na picha na mrembo wa mashindano alikuwa Buck Baker, mzungu. Scott akalalamika, karatasi zikapekuliwa upya, na saa kadhaa baadaye, watu wameshaondoka, wakakiri: Scott alikuwa amekwenda mizunguko 202, Baker alikuwa nyuma yake kwa miwili. Fedha akalipwa. Kombe lilikuwa limeshaondoka na Baker.

Siku zile hapakuwa na kifaa cha kuhesabu. Kila gari lilikuwa na mtu wake mezani, na karatasi, akiandika kila linapopita, kama walivyofanya watu wako dakika tano zilizopita. Waulize: inawezekana kumpoteza mtu mizunguko miwili kwa bahati mbaya? Pale gereji walijibu inawezekana, wenyewe walikuwa wamegombana kwa pito moja. Mama ntilie akauliza swali ambalo hakuna aliyeligusa: kwa nini hesabu ikosewe siku ambayo mweusi angesimama kupigwa picha na yule binti mzungu? Scott mwenyewe na familia yake hawakuamini kamwe kwamba ilikuwa bahati mbaya. Alifariki mwaka 1990. Familia ilikabidhiwa kombe mwaka 2021. Acha watu wabishane hapa hata nusu saa, filamu haiendi popote.

Gari likipotea

Kuna kipande ambacho mtu atainua kalamu na kusema, "Fundi, langu silioni." Gari lilikuwepo kabla ya mkato, sasa halipo. Usimpe gari jingine. Rudisha picha, mtafute sababu pamoja, na mahali pa kwanza pa kutazama ni gurudumu la mbele kulia.

Gari linalokata kushoto muda wote linatupa uzito wake kulia, na kona ya mbele kulia ndiyo inayobeba mzigo wote wa kugeuka. Gari lile lilitengenezwa kumpeleka baba kazini na familia kanisani. Rimu za kawaida zilikuwa zinachanika pale nati zinapokaa: nati zinabaki kwenye gari, rimu inaondoka na tairi lake kuelekea kwa watazamaji. Ndiyo maana, pamoja na ukali wa kanuni ya gari la dukani, waliruhusiwa kuongeza bamba la chuma kwenye gurudumu hilo. Mchukue kijana mmoja, mpe rimu ya zamani, aonyeshe bamba hilo lingekaa wapi.

Tairi lenyewe liliisha haraka, na dereva alihitaji kujua limebaki kiasi gani bila kusimama. Walitoboa sakafu upande wa kulia, wakaweka kifuniko chenye mnyororo. Dereva anavuta, anachungulia kipara cha tairi kikizunguka pale chini, anafunika, anaendelea. Kwa kasi ya mbio. Sisi humu tunabadilisha matairi yaliyotoka waya na mwenye gari anaapa hakuona.

Kuna kisa cha kifuniko hicho ambacho watoto hawakichoki. Mwaka 1953 dereva Tim Flock alikuwa anakimbia na kima ndani ya gari, amemvalisha sare na kumfungia kiti chake. Jina lake Jocko Flocko. Mwezi Mei walishinda pamoja Hickory, uwanja mfupi wa North Carolina. Wiki mbili baadaye wakawa Raleigh, uwanja mrefu zaidi, wa maili moja. Kima akajifungua, akauvuta ule mnyororo kama alivyomwona bosi wake akifanya, jiwe likaruka kutoka kwenye tairi likamgonga. Kilichofuata ni kima mwenye hasira juu ya shingo ya mtu anayeendesha. Flock alilazimika kusimama amtoe, akamaliza wa tatu. Kima hakurudi tena mbioni.

Sababu nyingine za gari kupotea zipitie haraka: limechemsha, ekseli imekatika, dereva ameitwa pembeni kwa bendera nyeusi, limegongwa na mwenzake aliyekuwa na deni la wiki iliyopita. Kwenye udongo ongeza moja. Uwanja wa udongo unamwagiwa maji kabla ya mbio, na kadiri unavyokauka njia ya ndani inakuwa nyeusi na laini, inateleza. Udongo mlegevu unasukumwa juu, karibu na ukuta. Dereva anayejua anahamia juu kutafuta mshiko, sehemu ya nyuma ya gari inaserereka na usukani ameukatia kulia huku anakwenda kushoto. Asiyejua anang'ang'ania chini na kuzunguka mwenyewe. Ukiona gari limegeukia walikotoka wenzake, tazama rangi ya ardhi.

Ukaguzi

Usimtangaze mshindi filamu ikiisha. Toa nje pickup yoyote yenye springi za vyuma bapa nyuma, washa tochi, watu wainame.

Mbio ya kwanza ya Strictly Stock ilifanyika tarehe 19 Juni 1949 huko Charlotte, uwanja wa udongo wa robo tatu ya maili, mizunguko 200, magari 33, na mwanamke mmoja kati ya madereva, Sara Christian. Wa kwanza kumaliza alikuwa Glenn Dunaway na Ford ya mwaka 1947. Wakaguzi wakaingia chini ya gari wakakuta springi ya nyuma imetanuliwa. Ulikuwa ujanja wa wasafirisha gongo: gari lililobeba shehena lisikae matako chini, polisi wasishtuke, na kwenye kona lisiyumbe. Gari lilikuwa limefanya kazi hiyo kabla ya mbio. Dunaway akafutwa, ushindi akapewa Jim Roper, aliyetoka mbali Kansas na Lincoln. Mwenye Ford, Hubert Westmoreland, akaenda mahakamani, akashindwa.

Sasa kila mwenye karatasi asimame aseme gari lake amelionaje: limekaa chini nyuma au limeinuka, kwenye kona lililala au lilitulia, taa zilikuwa na utepe au zimeng'olewa kabisa. Simamisha picha pale anapotaka ushahidi. Vijana waache wapitishe mkono kwenye springi za pickup, waonyeshe kabari ingepenyezwa wapi ili itanuke. Gari ambalo watu wengi watakubaliana kwamba lina ujanja linafutwa, anayefuata anapanda. Kwetu, mwenye karatasi ya gari lililofutwa ndiye anayenunua maji ya kunywa Jumapili inayofuata, na kabla hajaondoka anasaidia kukunja shuka.